Vidonge Chini ya Sufuria ya Supu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ni kutoka kitini hadi jikoni, na hata hiyo naifanya nikiitwa. Moyo uliponishambulia mwaka jana, majirani wa hapa Giakanja waliulizana: huyo, moyo wake umechoshwa na nini?

Daktari kule Nyeri alieleza kwamba mshipa unaoulisha moyo uliziba, kipande cha msuli kikafa, na kilichobaki kinasukuma damu kwa taabu. Akanipa vidonge vya maisha: cha kuuzuia moyo usikimbie, cha kulegeza mishipa, na cha kutoa maji mwilini, ambacho kilinihamishia chooni. Chumvi akaikataza.

Kisha kaka yangu mkubwa akaja kutoka Othaya na dawa yake: gunia la mizizi na beberu. Kwetu mwanamume aliyeishiwa nguvu huchemshiwa supu ya mizizi. Alininywesha siku kadhaa, chungu, imejaa chumvi. Miguu ikavimba.

"Unaona? Unanona," akasema.

Jumamosi akamchinja beberu. Akampasua kifua, akang'oa moyo, akautupa kwenye makaa.

"Kula hii, ikae mahali ya ile yako imeoza."

"Ngoja nimeze dawa ya maji kwanza."

"Ati dawa? Kwani wewe ni kuku ya gredi, inaishi na dawa?" Akaninyang'anya mfuko wa vidonge vyote, akausukuma motoni chini ya sufuria ya supu.

Mke wangu akachomoa ukuni unaowaka, akamchapa nao mgongoni. Kaka akageuka, akamkaba koo kwa mikono inayoteleza damu ya mbuzi, akambamiza ukutani.

Hapo nikapandwa na hasira. Mwili wote ulitaka vita isipokuwa moyo. Kidonge cha asubuhi kilikuwa bado kimeufunga breki. Nikashika kichwa cha beberu kwa pembe, nikakizungusha, kikatua mdomoni mwa kaka. Jino likaruka. Ulikuwa ushindi wangu wa kwanza tangu shule ya sekondari, na niliusherehekea kwa kuanguka kifudifudi juu ya ngozi mbichi, pumzi imekatika, povu mdomoni.

Kaka akaniwekea sikio mgongoni. "Huyu anachemka ndani!"

"Ni maji," mke wangu akasema kwa sauti iliyokwaruza, akishika shingo. "Umemjaza wewe, shemeji."

Kaka akanibeba mgongoni hadi barabarani, akitema damu na kunitukana. "Kufa tu, uone vile nitakuchapa."

Hospitalini nesi alitutazama watatu, wote damu tupu. "Mgonjwa ni nani?"

"Chagua," mke wangu akasema.

Walinidunga sindano ya kutoa maji, nikakojoa kama ng'ombe. Daktari akamweleza kaka kwamba vidonge havikifufui kipande kilichokufa. Vinakipunguzia kazi kile kilicho hai, na nikiviacha, maji yanarudi. Kaka alisikiliza, mdomo umejaa pamba. Sikuwahi kumwona akimsikiliza mtu.

Sasa hupiga simu kila asubuhi, maneno yakipiga mluzi penye pengo.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Hata ile ya choo?"

"Hata hiyo."

"Wewe ni mwongo. Nipee bibi."

Mke wangu huichukua simu, husema "Amemeza," na kukata. Hamsalimii. Na ule ukuni, wenye ncha nyeusi, haujarudi jikoni. Umeegemea mlango, upande wa ndani.