Joto la Saa Sita Lililoandikwa Asubuhi

Kuna siku moja ya mwezi wa saba ninayoikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na kwa kuwa umeniambia umepata kazi katika nyumba za kukuzia mboga kule Ndabibi, afadhali nikusimulie kabla hujafunga mzigo. Kaa. Chai bado ni moto.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa wazungu. Nilikuwa msichana mwenye darasa nne kichwani na kiburi cha darasa kumi. Kwenye shamba la mzungu mmoja, juu ya Bahati, kulikuwa na nyumba ya vioo ya kukuzia nyanya, kwa sababu asubuhi za huko zilikuwa na baridi ya kupasua midomo. Mtunzaji wake alikuwa Mzee Wafula. Alitoka Bungoma akiwa kijana, na watoto wake wote walizaliwa katika nyumba ndogo aliyopewa pale shambani. Hakujua kusoma. Alizungusha mkono wa chuma uliofungua madirisha ya paa, alimwaga maji sakafuni jua likizidi, na majani aliyashika kwa mgongo wa mkono, kama mama anayempima mtoto homa. Mimi nilikuwa nikimcheka kimoyomoyo.

Kazi yangu ilikuwa kusoma kipimajoto na kuandika nambari kitabuni mara mbili, asubuhi na saa sita. Katika baridi ile, wiki baada ya wiki, nambari ya saa sita ilikuwa karibu ile ile. Siku hiyo Mzee Wafula alitumwa upande wa pili wa shamba kuleta mbolea, akaniachia nyumba. Aliniagiza nifungue madirisha ukungu ukiondoka. Nikaitikia. Lakini fundi wa nguo alikuwa ananisubiri madukani nikapime gauni, na ukungu ulikuwa mzito, huoni mti wa pili. Niliandika nambari ya asubuhi, na ya saa sita nikaiandika pale pale chini yake, sabini kwa kipimo cha Farenhaiti cha siku zile, nikaenda zangu.

Gauni lilinikaa vizuri, sikudanganyi. Nilipotoka kwa fundi jua lilikuwa kali, nikakimbia njia nzima. Nilipofungua mlango hewa ya ndani ilinipiga usoni kama mvuke wa sufuria, na majani yalikuwa yamelala. Nilifungua madirisha, nikamwaga maji, jioni majani yakainuka, nikajiambia yamepona. Baada ya siku chache maua yakaanza kudondoka, mstari kwa mstari, na nyanya za msimu ule zikapotea.

Jumatatu mzungu alituita sote wawili. Mzee Wafula alisema nyumba imechomwa na joto. Mzungu akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye ile sabini yangu.

"Kitabu hapana danganya," alisema. "Wewe naweka maji mingi, naharibu mizizi."

Mzee Wafula akapewa mpaka Jumamosi awe amehama, yeye na mkewe na watoto. Mimi nilisimama pale nikiangalia miguu yangu. Aibu ile sijaizoea mpaka leo.

Ijumaa nilimkuta nje ya nyumba yake akifunga kuku kwenye tenga. Nikamwambia yote, nikilia, na kusema kweli nilitaka anihurumie kidogo. Hakuacha kazi yake.

"Najua," alisema. "Asubuhi ile nilirudi kuchukua gunia, nikadhani umetoka kidogo tu. Kitabuni mistari miwili ilikuwa imejaa na jua halijatoka. Kusoma sijui, lakini mbili naweza kuhesabu."

Nikamuuliza mbona hakusema. Akanijibu kwamba asiyejua kusoma hawezi kubishana na kitabu. Wangesema anamsingizia msichana wa watu. Ndipo akaacha kuku, akanitazama.

"Na mimi unaniambia ya nini? Kwani mimi ndiye ninafukuza watu? Enda umwambie yeye."

Nikaenda. Mzungu alinisikiliza mpaka mwisho, akamwita nyapara, na siku hiyo hiyo nikapelekwa kuchuma pareto. Mzee Wafula akaambiwa abaki, akafungua kuku wake. Mkewe hakuniitikia salamu mwaka mzima, na sikumlaumu.

Huko uendako nyumba ni za nailoni, na umeniambia joto mtalisoma kwenye simu. Sina ugomvi na simu. Lakini wewe ingia ndani, tembea mpaka mwisho wa mistari, shika jani, halafu ndipo uandike ulichokiona, saa ile ulipokiona. Nambari ya kubahatisha itaaminiwa kama ya kweli, na atakayeilipia anaweza kuwa mtu mwingine kabisa. Na siku utakapokosea, maana utakosea, usipeleke machozi kwa uliyemponza. Peleka ukweli kwa mwenye uwezo wa kumrudishia haki yake, na uupeleke mapema.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mkono wa kazi, na akupe ulimi usiochelewa. Wangu ulichelewa siku nne, na siku hizo zote watoto wa Mzee Wafula walilala bila kujua wiki itakayofuata watalala wapi.