Bi Kola na Ubao wa Herufi

Kwenye kiwanda chetu cha sare kila mtu anaitwa kwa anachoshona. Mimi ni Mikono, jirani yangu wa kulia ni Mifuko, na yule aliyekaa mbele yangu miaka yote hii, mgongo umenyooka kama rula, ni Bi Kola. Kola ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Ncha zake mbili zikipishana kidogo tu, mvaaji anaonekana kama mtu aliyetoka kugombana. Kwa hiyo kiti cha kola hupewi kwa kuomba. Unaanza meza ya kukunja, unapanda kwenye vifungo, unapanda tena, na ukibahatika unafika pale na mvi zako. Bi Kola alifika akiwa na miaka ishirini na tisa, akakaa ishirini na miwili, na tusidanganyane, alijua kuringa.

Jicho lake la kulia lilianza kuona ukungu, la kushoto likafuata polepole. Hakumwambia mtu. Mimi nilijua kwa sababu alianza kuniambia, "Mdogo wangu, nitungie uzi, mikono yangu ina mafuta." Mikono yake haikuwa na mafuta. Nilitunga uzi nikanyamaza, na hapo nakiri kosa langu, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na kola nazo zilituumbua wote. Mashati ya shule moja yalirudishwa yote, ncha ya kushoto imezidi ya kulia.

Msimamizi wetu si mtu wa kelele. Alimwita pembeni, lakini kiwandani pembeni ni hatua mbili tu, tukasikia kila neno.

"Dada, mpaka mwisho wa mwezi niletee karatasi ya daktari wa macho inayosema unaona. Usipoleta, utahamia meza ya kukunja."

Meza ya kukunja ndipo alipoanzia akiwa msichana. Alirudi kwenye mashine yake akakanyaga pedali bila kuweka kitambaa.

Bima tunakatwa kila mwezi tukitaka tusitake, ila kuitumia ni shughuli nyingine. Nilimsindikiza, yeye akiwa na kadi, mimi nikiwa na macho. Karani wa dirishani alitueleza bila kuinua kichwa: bima hailipii daktari wa macho mpaka daktari wa kawaida apime kwanza na kuandika kwamba macho yana tatizo. Ukutani nyuma yake palikuwa na tangazo la maandishi madogo kama chawa. Bi Kola aliniuliza linasemaje. Lilisema, "Soma masharti kabla ya kuuliza."

Basi tukaenda kliniki. Kipimo kilikuwa nyuma ya pazia: ubao wa herufi ukutani, unasimama kwenye mstari wa rangi sakafuni, unasoma kwa sauti. Mbele yetu walikuwa watu saba. Wote saba walisoma, na sauti zao zilipita kwenye pazia kama maji kwenye chujio. Sasa mfahamu kichwa cha Bi Kola. Huyu ni mtu anayekumbuka vipimo vya shingo za walinzi aliowashonea kabla mimi sijaajiriwa. Alipoingia, nilimsikia akianza herufi kubwa ya juu, akashuka mstari kwa mstari hadi ule wa mwisho, ambao hata muuguzi anausogelea kuusoma.

Alitoka na karatasi. Niliisoma tukiwa kwenye ngazi. Daktari alikuwa ameandika, "Anaona vizuri."

"Umefaulu," nikamwambia.

"Nimefaulu nini?"

"Mtihani uliotakiwa ufeli."

Alikaa kwenye ngazi. "Nilitaka kusema sioni," akasema. "Nikasikia watu wamekaa pale nje wananisikiliza. Mdomo ukaanza wenyewe."

Nilikasirika, kisha nikamhurumia, kisha nikakasirika tena. Mtu mzima anadanganya ubao.

Kuanzia hapo tulipigwa danadana. Karani alisema kompyuta imekataa, turudi kwa daktari. Daktari alisema taratibu za bima haziruhusu kurudia kipimo kabla ya miezi mitatu, turudi kwa karani. Karani akasema basi tuandike barua ya malalamiko. Tukaandika. Haikuwa na mhuri wa mwajiri. Tukapata mhuri, ukagongwa juu ya sahihi, sahihi ikawa haisomeki, barua ikarudi. Kila safari tuliomba ruhusa kazini, na kila tuliporudi msimamizi aliangalia kalenda, si sisi. Zikabaki siku sita.

Niseme na lingine, maana nimeanza kusema ukweli. Bi Kola akihamishwa, anayefuata kukaa kile kiti ni mimi. Nilikitamani miaka minane. Kuna usiku nililala nikijiona nimekikalia, na asubuhi niliamka nikampitia kwake twende tena bima. Sijui kwa nini moyo uliamua hivyo, lakini nashukuru uliamua.

Siku hiyo Bi Kola hakwenda dirishani. Alipiga moyo konde, akampita karani, akaingia mlango ulioandikwa Meneja, mimi nyuma yake nikimwomba radhi kila aliyetutazama.

Meneja alikuwa mama wa makamo, mpole, na upole wa ofisini unachosha kuliko ukali. Alifungua jalada. "Mama, hapa inasema umesoma mistari yote. Sasa mimi nitaidhinisha tatizo gani?"

Bi Kola alifumba macho. Mikono mapajani, akaanza: H. K, R. T, N, Z. L, D, O, F. Alishuka ubao wote bila kufumbua, mpaka mstari wa chini kabisa.

"Niliwasikia walionitangulia," akasema. "Nikakariri."

Meneja aliuma mdomo asicheke. "Mama, hilo linaonyesha una kumbukumbu nzuri. Halionyeshi kwamba huoni."

Nilidhani tumekwisha, na nikaanza kukusanya karatasi zetu. Bi Kola akasimama.

"Naomba nishike kola yako."

Meneja alinitazama, mimi nikatazama dari. Lakini aliinuka, kwa mshangao nadhani, akaja upande wetu wa meza. Bi Kola alipitisha vidole vyake nyuma ya shingo ya lile koti la kijani la sare yao, akashuka upande mmoja, akashuka wa pili, taratibu. Kisha akatoa futi ya kupimia shingoni mwake. Haivui hata akienda msibani.

"Hii niliishona mimi, mwezi wa pili mwaka jana. Msimamizi hakuwa ameanza kukagua kola moja moja." Alipima kushoto, akanionyesha nisome. Akapima kulia, nikasoma. Kushoto kulizidi kwa upana wa kidole.

Meneja aligusa kola yake mwenyewe. "Nilidhani ni bega langu," akasema. "Mwaka mzima naivuta hivi nikidhani ni bega langu."

"Bega lako halina neno. Ni mimi." Sauti ya Bi Kola ilikatika, akaiokota. "Mama, nimeshona kola miaka ishirini na miwili. Fundi anayeona hatoi kola hii. Kama sijapofuka, basi sijui kazi. Niambie niandikiwe lipi."

Miaka yote sikuwahi kumsikia akikiri hata uzi mmoja uliopinda. Alisema mbele ya mtu asiyemjua, amesimama wima, na machozi yakanitoka mimi.

Meneja alirudi kitini, akatoa kijitabu cha masharti, nacho cha maandishi ya chawa kama lile tangazo, akakifungua karibu na mwisho. Kulikuwa na kifungu kwa watu ambao kazi yao ni macho yao: meneja anaweza kuidhinisha kipimo bila kungoja miezi mitatu, mradi upo ushahidi kwamba kazi imeharibika. Karani hakutuambia. Sidhani alikijua. Meneja alijaza fomu kwa mkono wake, na kwenye nafasi ya ushahidi akaandika, "Koti la meneja." Akagonga mhuri pembeni ya sahihi, mbali nayo kabisa.

Daktari wa macho alimulika akasema ni mtoto wa jicho, anatolewa. Msimamizi aliposoma kibali alisema kiti kitasubiri wiki sita, si siku moja zaidi. Nilikikalia mimi wiki hizo, na kola zangu zilinifunza adabu. Ziliaibisha kuliko zake za ukungu.

Wiki ya tano, macho yote mawili yamekwisha kupasuliwa, nilimsindikiza kwa kipimo cha mwisho. Muuguzi alimsimamisha kwenye mstari, akamfunika jicho moja, akamwelekeza ubaoni. Ulikuwa ubao wa herufi zile zile za kliniki, H juu, K na R chini yake. Bi Kola hakufungua mdomo.

"Huoni, mama?" daktari akauliza, kalamu juu.

"Naona. Lakini huu naujua. Leteni mwingine."

Walitafuta kabatini mpaka wakapata mwingine, wa zamani, pembe zimekunjika. Herufi zilikuwa ngeni kwake, na kwangu pia. Alisoma polepole, kama mtu anayehesabu mishono, mstari baada ya mstari. Kwenye mmoja alikosea, akarudi, akasahihisha mwenyewe. Alipofika chini kabisa aliendelea, akasoma na jina la kiwanda kilichochapa ubao, lile dogo lililoko pembeni, ambalo hakuna aliyemwomba alisome.

Daktari aliandika maneno mawili. Safari hii sikuhitaji kumsomea. Aliishika karatasi mbali kidogo na uso wake, akaisoma mwenyewe, kisha akanigeukia akanyoosha kola ya blauzi yangu.

"Nani alikushonea hii?" akauliza. "Kesho toka kwenye kiti changu."