Jambo Kuu Kwanza

Walinichagua mimi. Wanawake wa ploti nzima walikuwa wamejaa mlangoni kwa Nabalayo, kila mmoja na macho mekundu, wakanigeukia: Mastura, wewe unajikaza, nenda stesheni ukamwite Dalmas. Jamani, sikuwa najikaza. Nilikuwa nimekasirika. Binti yake Naliaka alikuwa amefia hospitali asubuhi ile, surua imemshukia kifuani, na mimi ndiye niliyetakiwa kutembea kutoka Bondeni mpaka stesheni nikamwambie baba yake. Njia nzima nilikuwa na wazo moja tu. Nitamwambia vile vile alivyomwambia Anyango, neno kwa neno, aone.

Mjue kwanza huyu Dalmas Masinde ni nani. Alikuwa karani wa mizigo hapa Nakuru, Mbukusu wa upande wa Kimilili, mrefu, mpole, mtu wa kanisa. Alipanga chumba kinachotazamana na changu, katika ploti aliyoacha marehemu baba yangu. Yeye na mkewe Nabalayo walikaa miaka bila mtoto mpaka midomo ya watu ikaanza kufanya kazi yake, ndipo akaja Naliaka, na baada ya Naliaka hakuja mwingine. Jioni Dalmas alimwosha miguu mwenyewe kwenye karai, nje, mbele ya wanaume wenzake, na wakimcheka hajali. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, ingawa siku ile sikutaka kulikumbuka.

Mwaka wa hamsini na sita, chuo kikuu cha Kampala kilifungua mafunzo ya wakati wa likizo kwa watu wa maofisini. Mafunzo ya nini? Ya kuzungumza na watu! Nilipoambiwa nilishika kiuno nikacheka.

"Karani, kwani ulizaliwa huna mdomo?"

"Mdomo ninao, Mama Alamin," akasema. "Nataka kujua kuutumia."

Akapanda gari la moshi akaenda zake. Aliporudi alikuwa na tai shingoni na cheti mkononi, akakitundika ukutani kando ya picha ya harusi.

Basi tukakoma. Kila jioni kwenye bomba la maji ni masomo. Jambo kuu kwanza. Usizunguke. Maneno machache. Mtazame mtu machoni, ukimaliza nyamaza. Mimi nimezoea kumwuliza mtu habari za kazi, za mama, za nyumbani, ndipo nifike kwenye shida yangu. Nikianza tu ananikata, "Mama Alamin, jambo kuu ni nini?" Jambo kuu nataka chumvi, baba, nipishe!

Aliyemweza ni Anyango, mke wa Odero. Alikuwa mtu wa mizaha yule dada. Alisimama na debe kichwani, akakaza shingo kama amevaa tai, akasema: "Jambo kuu kwanza. Maji yamekwisha. Sababu, Mastura amefua. Nimemaliza." Dalmas mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Zilikuwa jioni nzuri zile, sitasema uongo.

Halafu Odero akapelekwa Naivasha kutengeneza njia ya reli, na huko akashikwa na nimonia. Haikuchukua siku nyingi. Habari ikaja stesheni kwa simu, na mkubwa wa Dalmas akasema, si Masinde ana cheti cha kuzungumza? Aende yeye akamwambie mjane.

Sasa, sisi hapa habari ya namna hiyo haitamkwi hivi hivi. Awe Mjaluo, awe Mluhya, awe sisi Waislamu wa Bondeni, sote tunajua. Unasema mtu ni mgonjwa. Unasema hali yake si nzuri sana, jitande twende. Huku nyuma wenzako wanaepua sufuria jikoni, wanamtoa mtoto mgongoni, wanatandika mkeka. Mwenye msiba anayaona yote hayo, si kipofu, na anajua. Lakini anajua kidogo kidogo, watu wamemzunguka, na neno lenyewe likifika linamkuta amekwisha kaa chini. Mtu akiniambia huo ni uongo, basi mimi ni mwongo, na mama yangu, na mama yake pia.

Dalmas alikuja moja kwa moja mpaka kwenye bomba. Anyango alikuwa ndiyo kwanza ametua debe lake. Mimi nilikuwa pale pale, nasuuza nguo. Akasimama mbele yake, akamtazama machoni, akasema:

"Anyango, mume wako Odero amefariki leo asubuhi huko Naivasha, kwa nimonia. Pole sana."

Na Anyango akacheka. Wallahi alicheka. Alidhani ni yale masomo yetu ya jioni.

"Leo karani umetuletea kubwa," akamwambia, bado anacheka. "Haya, na sababu?"

Hapo mtu mwingine angejua. Mtu mwingine angemshika mkono, angeniita mimi, angelia hata yeye. Dalmas alikumbuka kwamba msikilizaji asipoelewa unarudia kwa uwazi zaidi. Akarudia. Polepole, kila neno peke yake, na macho hakuyaondoa. Nilikiona kile kicheko kikimganda Anyango usoni, midomo imebaki wazi, meno yote nje, mpaka akaliangukia debe lake.

Tulimlilia Odero vile inavyopaswa, lakini Anyango hakulia. Usiku wa matanga alinishika mkono akaniambia, "Nilicheka, Mastura. Habari ya mume wangu niliipokea kwa kicheko. Nitamwambia nini mama yake?" Nilimjibu alikuwa hajui. Akasema Odero naye hajui kwamba hakujua. Alirudi kwao ng'ambo ya Kisumu na neno hilo hilo mdomoni, na watu waliotoka huko wanasema mpaka leo hacheki wala halii.

Nilimfuata Dalmas chumbani kwake. "Umefanya nini wewe?"

"Nilisema ukweli, Mama Alamin. Kwa uwazi, na kwa huruma. Kosa langu ni lipi?"

Nilitazama kile cheti chake nikatamani kukichana. Tangu siku hiyo salamu nilimpa kwa ajili ya Nabalayo na mtoto tu. Masomo ya bombani yakaisha, hakuna aliyeyaulizia.

Kwa hiyo mnaelewa nilivyokwenda stesheni. Sentensi yangu nilikuwa nayo tayari, fupi, jambo kuu mbele. Dalmas, binti yako Naliaka amefariki leo asubuhi hospitalini. Niliisema moyoni mpaka ikanyooka.

Nilimkuta ameinamia magunia ya mahindi, anaandika vibandiko. Akainua kichwa akaniona. Mimi sijawahi kukanyaga pale stoo hata siku moja. Kalamu ikamtoka mkononi. Nikamtazama machoni, vile alivyotufundisha, nikafungua mdomo.

Yeye akainamisha macho.

"Mama Alamin," akasema haraka haraka, "hali yake si nzuri, sivyo? Umekuja kuniambia hali yake si nzuri."

Hasira niliyotoka nayo Bondeni sijui ilikwenda wapi. Niliona mikono yake tu, mirefu ile, ile iliyokuwa ikisugua miguu midogo kwenye karai. Ile sentensi yangu nikaimeza.

"Si nzuri sana," nikasema. "Chukua kofia yako, twende."

Kofia aliisahau. Tulitoka nje kwenye jua na vumbi la Nakuru, upepo unavuma kutoka ziwani na ile harufu yake ya magadi. Alitembea kwa shida, kila mara anasimama, na mimi nasimama naye. Hapo ndipo alipoanza kusema, hakunitazama hata mara moja.

"Yule mwalimu wetu alikuwa kijana. Kijana mzuri, anajua kazi yake. Lakini sidhani alikuwa amewahi kuzika mtu."

"Nyamaza, Dalmas."

"Anyango ningemwambia ni mgonjwa. Ningemwambia vaa, twende Naivasha. Angekaa dirishani kwenye gari la moshi, angekuwa na mume mpaka Elementaita. Angekuwa naye mpaka Gilgil." Akasimama tena. "Nilimnyang'anya njia nzima, Mama Alamin."

Ni kweli alimnyang'anya. Niliona uchungu juu yake na juu ya Anyango, na juu ya yule mtoto aliyelala kimya hospitalini, na sikumwona yeyote wa kumgombeza.

"Ana homa?" akauliza.

"Ana homa."

"Kali?"

"Kali kidogo."

"Lakini maji anakunywa."

"Anakunywa," nikasema. Mungu anisamehe, au asinisamehe, shauri yake.

Tulipokaribia kona ya ploti yetu, Dalmas alinyoosha mkono akashika ncha ya leso yangu, kama watoto wanavyotushika sokoni. Mtu mzima yule, karani, mchana kweupe, watu wanatazama. Nikamwacha aishike. Mlangoni kwake jiko lilikuwa limetolewa nje, limezimwa, na mkeka umetandikwa. Nilijua ameviona. Kisha sauti ya Nabalayo ikapanda kutoka ndani, ile sauti ambayo hakuna mama anayeweza kuitoa kwa jambo jingine lolote.

Leso ikakazika.

"Mke wangu analia nini?" akauliza.

"Amechoka," nikasema. "Amekesha na mgonjwa."

"Ndiyo," akasema Dalmas. "Amekesha sana. Twende polepole."