Wimbo wa Mheshimiwa Umenikaba Kooni

(Msomaji wetu wa Songea ametusihi tusimtaje jina. Mengine tumeyaacha kama alivyoyaandika.)

Wapendwa wa ukurasa huu, mimi ni mama wa miaka arobaini na mitatu, nina mume na watoto wanne, naishi Msamala. Huwa nasoma matatizo ya wenzangu humu na kuwaonea huruma, wengine nawacheka kidogo, Mungu anisamehe. Leo zamu imenifikia mimi, na hapa mjini sina wa kumweleza, maana kila ninayemfahamu ama ni mtu wa mbunge ama ni ndugu wa mtu wa mbunge.

Mimi ni mwanzishaji wa kioda. Kwa msioijua, ni ngoma ya akina mama. Mmoja anaanzisha, wenzake wanaitikia. Kwetu neno likishaimbwa ngomani, mwimbaji haitwi kuulizwa kwa nini amelisema. Hata mkubwa ukimsema, anacheka na kukutunza. Mbunge wetu amekulia humo humo na anajua. Kampeni zake zote, tangu enzi za chama kimoja mpaka hivi vyama vingi, nimeimba mimi. Amezeekea bungeni kwa sauti yangu, na wala sijisifu, uliza mtu yeyote.

Uchaguzi uliopita alitupa maneno, tuimbe kwamba maji ya bomba yatafika Matogoro, kule chini ya mlima. Niliimba kwa moyo wote kwa sababu mama yangu mzazi anaishi kule. Mpaka leo bomba hatujaliona. Badala yake, biashara zilipofunguliwa kwa watu binafsi, akaja bwana mmoja wa mbao kutoka mkoa mwingine, akapata kibali cha kuvuna miti mlimani, na chemchemi aliyokuwa akichota mama ikabaki tope. Sasa mama, na uzee wake, anashuka bondeni na ndoo. Nikienda kumsalimia, akina mama wa kule hawamlaumu mbunge, wananilaumu mimi. "Si wewe uliyetuimbia?" Juzi mmoja aliitikia shikamoo yangu, kisha akaniuliza kama nimekuja na hayo maji. Wenzake wakaangua kicheko. Nilicheka nao, lakini nilirudi nyumbani nalia.

Sasa kampeni zimeanza tena. Mbunge aliniita kwake nimwimbie wimbo mpya kabla haujatoka, kama tunavyofanya miaka yote. Nikamkuta sebuleni na yule bwana wa mbao. Nikaimba, na ubeti wa maji nilikuwa nimeuweka, nikimkumbusha kwa upole. Nilipomaliza, mbunge alimgeukia mgeni wake na kumuuliza, "Unaonaje, bosi?"

Jamani! Mtu ambaye nyimbo zangu zote zinamwita simba!

Yule bwana alijibu bila hata kuniangalia. "Sauti nzuri. Hayo maji toa. Weka barabara ya kupanda mlimani, hicho ndicho kipaumbele."

Nikasema kwa adabu, "Mheshimiwa, kule juu hakuna nyumba hata moja. Hiyo barabara ni ya nani?"

Mbunge aliangalia chini. "Mama, kampeni za siku hizi si kama za zamani," aliniambia taratibu. "Zamani chama kilinipa gari. Sasa magari, mafuta, fulana, hata hizo kanga mtakazovaa, vyote vinatoka kwa huyu. Nikimuudhi, nitazunguka jimbo zima kwa miguu? Wewe imba barabara. Maji tutayazungumza mbele ya safari."

Nitasema ukweli, nilimhurumia. Kumbe na yeye amefungwa. Halafu nikakasirika sana, kwa sababu yeye amefungwa kwenye kochi na mama yangu yuko bondeni na ndoo.

Najua mtasema, si ukatae tu. Mume wangu alikuwa dereva wa chama cha ushirika. Chama kilipokufa akapunguzwa kazi, akakaa nyumbani muda mrefu, mwanaume mzima akawa anaona haya kuniomba hela ya kunyoa. Ni mbunge huyo huyo aliyemwombea kazi kwa mtu wa mbao. Sasa anaendesha lori linaloshusha magogo, na watoto wanasoma. Nilipomsimulia yaliyotokea akasema, "Mama watoto, mimi sikukatazi. Ila ukiimba maji, kesho yake sina pa kwenda." Hakunifokea. Afadhali angefoka, ningepata wa kugombana naye.

Nilijipa moyo kwamba desturi yetu itanikinga. Kweli, mbunge nikimsema ngomani atacheka tu, hana ujanja. Lakini yule bwana si wa huku, na mambo ya kioda hayamhusu. Yeye akisemwa amesemwa, na atajua mwimbaji ni mke wa dereva wake.

Nikawaita wenzangu wa kikundi nikitumaini wataamua wao. Mmoja, mjane niliyeanza kucheza naye tangu usichana, akajibu kwa niaba ya wote: "Dada, ukianzisha barabara, tutaitikia barabara. Ukianzisha maji, tutaitikia maji. Usitutwishe mzigo wako, sisi ni waitikiaji." Wakaondoka wakiongea mambo ya sare. Niliwachukia siku ile, ingawa sina uhakika kama wana kosa.

Mkutano mkubwa ni Jumapili ya mwisho kabla ya kura, baada ya misa, na utafanyika Matogoro. Mume wangu ndiye atakayetupeleka na lori lake, atalisimamisha pale pale pembeni ya jukwaa. Na mama yangu ameniletea salamu kwamba atakuja kusikiliza. Amewaambia majirani zake wote waje, eti safari hii mwanangu hatawadanganya.

Ndugu zangu, siku hiyo wote watanyamaza wakinisubiri mimi, na nikifungua mdomo lazima nimuumize mmoja, aliyenizaa au aliyenioa. Nielekezeni, nianzishe wimbo upi?