Mafuta ya Mtu Mwembamba

Baba mkwe wangu ni mwembamba wa kuzaliwa. Wanasema akivua shati mbavu zinahesabika. Nasema wanasema, kwa sababu mimi siruhusiwi kumtazama.

Nimeolewa katika nyumba ambayo mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake, hamtazami usoni wala haongei naye. Wengi huku Rungwe wameshaiacha mila hii, na kanisani wanapeana mikono na wakwe zao bila shida. Wa kwangu ni mzee wa kanisa na hajaiacha. Akitaka kupita upande wa jikoni anakohoa kwanza, nami nikisikia najifunika kitenge na kukimbilia migombani mpaka amalize kupita. Mvua inanyesha, mtoto yuko mgongoni, sufuria inachemka, na bado lazima nikimbie. Ndivyo ninavyoishi tangu nilipoletwa hapa Nkunga, na sitasema nimezoea.

Na huyo nisiyeruhusiwa kumwona ndiye ninayempikia. Mama mkwe vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi, hawezi kumenya ndizi. Mimi napika, yeye anapeleka sahani.

Mwaka jana mzee alianza kulalamika uzito chini ya mbavu, upande wa kulia. Mume wangu, ambaye kazi yake iko Mbeya, alikuja akampeleka hospitali Tukuyu. Wakampima na kumwambia ini lake limejaa mafuta, kwamba mengine yamezunguka utumbo, ndani kabisa, mahali pasipoonekana kwa macho, na kwamba sukari kwenye damu imeanza kupanda. Apunguze sukari na vya kukaanga, atembee.

Alirudi akicheka. Nilimsikia kutoka jikoni akimsimulia mke wake kwamba majibu yamechanganywa na ya bwana mmoja mwenye kitambi aliyekuwa mbele yake kwenye foleni. Mafuta yake yeye yangekaa wapi? Mama mkwe naye alicheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo. Mume wangu alipoondoka aliniagiza nimpikie baba yake kama daktari alivyosema. Nikamuuliza kama amemweleza mwenyewe vizuri. Akasema baba haambiliki, akapanda gari akaenda zake.

Mimi niliamini. Nilipompeleka mtoto kliniki Kyimo nilimuuliza nesi kama mtu mwembamba anaweza kuwa na mafuta. Akaniambia anaweza sana, na huyo ndiye anayewapa shida, kwa sababu mwili wake unamdanganya yeye na watu wa nyumbani kwake. Njiani kurudi niliyafikiria maisha ya mzee. Zamani alichuma chai yake mwenyewe, akapanda na kushuka mabonde haya na kikapu mgongoni. Siku hizi magoti yamekataa, shamba amelikodisha, yeye anakaa barazani. Akitaka kwenda kokote bodaboda inamfuata mlangoni. Ila chakula hakikupungua hata kidogo. Chai yake ni tamu kama uji wa arusi, maandazi asubuhi, soda kwenye kila kikao, na ndizi zake lazima ziogelee kwenye mafuta ya mgando.

Nikaanza kupika tofauti. Ndizi nazichemsha na maharage, majani ya maboga naweka nyanya tu. Mama mkwe alionja, akanyoosha mkono kwenye kopo la mafuta, akachota. Nilipomzuia tuligombana, kwa sauti ya chini, maana mzee mwenyewe alikuwa ng'ambo ya ukuta. Nilimkumbusha maneno ya daktari. Akaweka kijiko chini.

"Mwanangu, tangu nimeolewa watu wanasema simlishi mume wangu," alisema. "Mtazame alivyokonda. Sasa amezeeka, wewe unataka wapate la kusema?"

Nilitaka kumjibu kwamba mimi ndiye mtu pekee pale nyumbani nisiyeweza kumtazama. Lakini nilimwonea huruma. Kumbe miaka yote hiyo kila kijiko cha mafuta kilikuwa utetezi wake. Hata hivyo alichota tena, mbele ya macho yangu, na sahani ikaenda.

Haikuchukua muda nikasikia kwa kina mama wa kikundi kwamba mkwe wa pale, yaani mimi, anambania mzee chakula. Damu ilinichemka. Nikampigia mume wangu simu aje aongee na baba yake, akaniambia nisilete maneno nyumbani. Nilikata simu nikakaa kwenye kigoda nikalia kwa hasira. Nilijiona nimefungwa. Mume hataki kusema, mama mkwe anaogopa watu, mzee anasikia asilotaka kuamini, na mimi ninayetaka kusema nimezibwa mdomo. Usiku namsikia anatoka kwenda kukojoa, anarudi, anaomba maji, anatoka tena. Mama mkwe alisema ni baridi ya Tukuyu.

Siku moja mama mkwe alikuwa amekwenda msibani Matwebe. Nilikuwa naosha vyombo bombani, jua limetoka safi, majani ya migomba yanameta. Niliinua kichwa nikamkuta mzee mbele yangu. Hakuwa amekohoa. Nyuma yangu ulikuwa ukuta, sikuwa na pa kukimbilia, hata kitenge nilikuwa nimekianika. Nikangoja ageuke kwa hasira. Hakugeuka. Alinitazama usoni moja kwa moja na kuendelea kuja, mkono mmoja ukipapasa hewani.

"Nani hapo?" aliuliza.

Nilijibana ukutani. Sijawahi kuogopa vile.

"Nani? Ukungu wa leo mzito fijo, mzito sana, sioni mlango."

Hapakuwa na ukungu.

"Ni mimi, baba," nikasema. "Mke wa mwanao."

Alisimama. Nilidhani atanifukuza, lakini alinyoosha tu ule mkono wake, na mimi nikaushika. Baadaye hospitalini walikuja kutuambia sukari ilikuwa imepanda hadi imegusa macho, na kwamba kuona kwake kutarudi, ila si kote. Pale bombani hatukujua lolote. Nilimbeba mtoto, nikamwongoza mzee kwenye kinjia kwenda barabarani kutafuta gari la hospitali, mkono wake mwembamba, mifupa mitupu, ndani ya wangu.

Na kwa kuwa nilishavunja mila, nilivunja yote. Nilimwambia habari ya ini, habari ya mafuta yanayojificha ndani ya watu kama yeye, maneno ya nesi, ndizi nilizochemsha na kopo lililozifuata. Nilisema haraka haraka, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa nafasi. Hakunikatiza. Tulipofika karibu na barabara alisimama.

"Yote hayo uliyajua, uko jikoni kwangu," alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa mdomo gani, baba?"

Aliubana mkono wangu, tukaendelea kutembea.