Kuku Aliyebembelezwa

Ni kweli nilimwimbia kuku kabla ya kumchinja. Kwa miaka mingi nimekana. Kila wifi zangu wanapokileta kisa hiki kwenye harusi, nami nimekaa mkekani na sahani yangu, husema wametia chumvi, nilikuwa nasafisha koo tu. Hapana. Niliimba, tena na kiitikio.

Ilikuwa miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini mbele ya Palma. Wanaume wa mtaa wetu waliacha nyavu na majembe, wakawa wanadamka kwenda kupanga foleni kwenye geti la kampu, kambi ya kampuni ya gesi, kutafuta vaga, yaani nafasi ya kazi. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Maputo na shahada ya sheria, pamoja na monografia, tasnifu ya kumalizia chuo, niliyoipenda kuliko nilivyowapenda ndugu zangu kadhaa. Ilihusu sheria za nchi za Ulaya zinazotaka mnyama apotezwe fahamu kabla ya kuchinjwa, na ubishi wa Waislamu na Wayahudi wa huko wanaosema dini zao haziwaruhusu. Mwanzo hadi mwisho nilikuwa upande wa sheria. Niliandika kwa uchungu mkubwa juu ya mateso ya mnyama. Kisu nilikuwa sijashika, ila cha kumenyea maembe.

Kwa kuwa najua lugha, kampu iliniita nikalimani kwenye mkutano. Mzungu msimamizi wa jiko lao alitaka kununua mbuzi wa wenyeji, kwa sharti kwamba wapigwe kwanza umeme, wazimie, ndipo wachinjwe. Nilitafsiri kwa fahari, nikaongeza na maelezo ambayo yeye hakuyasema. Kisha mama mmoja muuza vitumbua akauliza, kwa upole kabisa, "Sisi wenyewe umeme hatujaletewa. Mbuzi ndio waanze?"

Mkutano ukafia hapo. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamwambia mama kwamba mtaa wetu bado haujakomaa kwa mijadala. Mama akanipa mchele nichague.

Mawazo yake yalikuwa kwingine. Mama wa mchumba wangu, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Mtwara, alikuwa anavuka Ruvuma kuja kunitazama. Umri wangu ulikuwa umeshatoka pale watu wanapouliza "lini?" ukafika pale wanapouliza "kwani ana nini?" Mama hakutaka kosa hata moja. Tena alikuwa ameonywa: mgeni huyu hatii nyama mdomoni kabla ya kuuliza nani kachinja.

Kwetu mwanamke hachinji. Si dini iliyokataza, ni mazoea. Kama nyumba haina mwanamume, mama husimama mlangoni, kuku mkono huu, kisu mkono ule, akamngoja mwanamume yeyote Mwislamu apite. Mpita njia huombwa, huchinja, hurudisha kisu, hushika njia yake, na pengine hata jina la mwenye nyumba halijui. Asubuhi ile mama alisimama mpaka kivuli kikamkimbia. Hakupita mtu. Wote walikuwa getini. Gesi ilikuwa haijatuwashia hata jiko moja, lakini wachinjaji ilishatunyang'anya.

Mwishowe likaja gari la kampu, ndani yake yule Mzungu wa jikoni na dereva wake, Mmakonde wa bara aliyetundika rozari kwenye kioo. Mama aliwatazama kama mtu aliyekwenda dukani kutafuta sukari akakuta imebaki chumvi. Mzungu akashuka, akaniomba nimwambie mama kwamba kumning'iniza kuku kichwa chini ni kumtesa. Nikatafsiri. Kwa heshima ya mgeni, mama akamgeuza kuku, akampakata kama mjukuu, na gari likaondoka.

"Wewe umesoma," akaniambia. "Mchinje."

Nikaanza kumweleza kwamba hata wanavyuoni wamemruhusu mwanamke. Akanikatiza. Hakuniuliza hukumu, alisema, kanituma kazi. Na mgeni akiuliza, kachinja mpita njia.

Nikamchukua kuku uani, nikamwelekeza kibla. Akanitazama kwa jicho moja, na monografia nzima ikanipanda kooni. Umeme sikuwa nao. Ndipo nikakumbuka mchezo wa utotoni: ukimficha kuku kichwa chini ya bawa ukamyumbisha taratibu, husinzia. Nikamyumbisha. Wapi. Nikamwimbia wimbo ambao mama alinibembelezea mimi. Akalala. Niliona nimepata dawa ambayo Ulaya nzima imeikosa: sheria imeridhika, dini imeridhika. Nikakitoa kichwa bawani polepole, nikapiga Bismillahi. Yaliyofuata sitayaeleza, ila mama husema kuku alikuwa mtulivu kuliko mimi.

Mgeni akafika, wali ukapakuliwa, kuku wa nazi akanukia mpaka barabarani. Mkono wake ukasimama juu ya sahani.

"Kachinja nani?"

"Mpita njia," mama akajibu.

Mgeni akashangaa. Alikuja kwa njia hiyohiyo, na mwanamume hakumwona, ila yule Mzungu na dereva wake. Kabla mama hajatunga jingine, jirani akajibu nyuma ya ua wa makuti, bila kuulizwa.

"Si binti yako huyo? Tangu asubuhi anamwimbia kuku."

Nikasema nilikuwa nasafisha koo. Mama akatazama chini, akakiri yote: nilimlaza kwanza kwa wimbo, ndipo nikamchinja. Niliona posa yangu ikipoa pamoja na wali.

Mgeni akainuka na simu. Laini yake ya Tanzania ilishika karibu na mpapai tu, kwa hiyo sote tukahamia kwenye mpapai, mama na sahani mkononi. Alimpigia kaka yake, shehe wa Mtwara, akaweka sauti kubwa, akamweleza kwamba kuku kachinjwa na mwanamke. Shehe akasema hilo halina neno.

"Lakini alimlaza kwanza, kaka."

"Kwa dawa?"

"Kwa wimbo."

Shehe akaomba aongee nami. Nikamwamkia.

"Binti, uliposhusha kisu, kuku alikuwa hai?"

"Hai, shehe. Alikuwa anakoroma."

"Jina la Mungu ulilitaja?"

"Nililitaja."

"Basi halali, kuleni." Ikasikika kama anakohoa, kisha akamwita dada yake. "Na binti huyo msimwache. Mwanao huyo, tangu mchanga, nani amewahi kumlaza?"