Majembe Yaliyopotea Kang'ata

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya habari ya Korogwe, nilikabidhiwa kamera, mkoba wa ngozi na onyo. Afisa Habari alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akasema, "Kijana, hii ni mali ya umma. Ikitaka kuanguka, anguka wewe kwanza."

Kwa miezi kadhaa nilipiga picha za vitambulisho tu. Mtu anakaa kitini, namwambia asipepese macho, nimemaliza. Kamera zetu hazikuwa na akili kama simu zenu. Kila kitu ulikipanga kwa vidole. Kulikuwa na pazia, linalofunguka na kujifunga ili mwanga uifikie filamu, na kulikuwa na tundu la lenzi, unalolipanua au kulibana. Ukilibana, vya karibu na vya mbali vyote vinatoka vizuri, lakini mwanga unapungua, kwa hiyo pazia lazima likae wazi muda mrefu zaidi. Kwa mtu aliyetulia kitini hakuna tabu. Nikajiona fundi.

Kisha nikahamia Handeni pamoja na mkubwa wangu, vijiji vya ujamaa vikiwa vimepamba moto. Mkoa ulitaka picha za mashindano ya kulima Kang'ata, ili uchague mkulima hodari mmoja wa kwenda kwenye maonyesho Dar es Salaam. Kijiji kizima kilijua ni nani: Mama Asha, mwanamke mfupi ambaye jembe lake lilikwenda kama sindano ya cherehani. Dada yake aliolewa huko Dar, na hawakuwa wameonana tangu kabla ya Uhuru. Majirani walikuwa wameshamletea vifurushi vya kuwapelekea ndugu zao: mahindi na asali. Yeye mwenyewe alimtengea dada yake kuku mmoja aliye hai.

Mwisho wa safu alikuwepo Bwana Salehe, ambaye mgongo ulimuuma kila Bwana Shamba alipogeuka kutazama kwingine.

Asubuhi hiyo kulikuwa na mawingu. Afisa Habari alikuwa ameniagiza, "Nataka shamba lote, mpaka vilima vya nyuma." Nikalibana tundu hadi mwisho. Mwanga ukawa haba, nikaliweka pazia kwenye thelathini, yaani sehemu moja ya thelathini ya sekunde, kama nilivyozoea ofisini.

"Nisimame kidogo?" aliuliza Mama Asha.

"Hapana mama, lima tu."

"Basi uwe mwepesi, mwanangu. Mimi sisubiri mtu."

Nilipozisafisha zile picha, vilima vilitoka safi kabisa. Majembe hayakuwepo. Watu ishirini walikuwa wameinama na mikono mitupu, kama wanatafuta shilingi iliyodondoka. Mama Asha alikuwa moshi uliovaa khanga. Mmoja tu alionekana hadi vifungo vya shati: Salehe, ameegemea mpini, anapumzika.

"Wengine majembe yao yako wapi?" Afisa Habari aliuliza.

Jibu nilikuwa nalo: nimekosea pazia, limekawia mno kwa watu wanaolima, nirudi kesho. Nikasema, "Nadhani filamu ni ya zamani, mzee."

"Haya, tupeleke. Angalau mmoja ana jembe."

Barua ya mkoa ikaja: aende Salehe. Mama Asha alimkabidhi vifurushi vyote, kimoja kimoja. Kuku alimtoa mwisho. "Huyu ni wa dada yangu. Mwambie nilikuwa nakuja."

Nilirudi shambani kujifunza. Nikaweka mia tano na kulipanua tundu. Jembe likatoka wazi, limeganda hewani, na Mama Asha alipoiona picha alicheka. "Hapa si nimepumzika kama Salehe!" Nikashuka hadi mia moja ishirini na tano: uso ukatulia, ncha ya jembe ikafifia kidogo, ukajua kweli mtu analima. Namba hiyo ndiyo iliyonipandisha cheo, hadi nikastaafu na cheti ukutani.

Miaka miwili ilipita kabla sijamwambia. Alinisikiliza akiendelea kupalilia.

"Siku ile ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na mkubwa wako alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Ah," akasema, akaniomba nisogee, nilikuwa nimekanyaga mche.

Vijana huniuliza watumie namba gani kwa mpira, ngoma au mbio. Nawaambia, na hawachelewi kuelewa. Mimi pia sikuchelewa. Kilichonichukua miaka miwili ni maneno mawili, nimekosea mimi, na yalipotoka, maonyesho yalikuwa yameshafutwa.

Mama Asha hakuwahi kufika Dar es Salaam. Tulipomzika, Salehe alikaa nami kwenye mkeka na kutusimulia, kama kawaida yake, jinsi magari ya mjini yalivyokuwa mengi na jinsi dada wa marehemu alivyompika yule kuku. Watu walimtaka anyamaze. Mimi nilimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ndiye niliyemtuma.